Mkono Alionivunja Katekista

Kofi la kwanza Katekista alinipiga darasani, nikiwa najiandaa kufunga ndoa. Tulikuwa watu wazima watupu, wengine na mvi ndevuni, tumejibana kwenye madawati ya watoto nyuma ya kanisa. Alianza kwa sala, kisha akauliza nani kati yetu ana gari. Nikanyoosha mkono kwa maringo, maana langu nilikuwa nimelinunua juzijuzi, gari dogo la chini, jeupe, lenye kelele. Akauliza, "Ukitaka kumwaga oili nyumbani kwako, gari unalishikiliaga na nini?"

"Na jeki, Katekista."

Kofi lilitua kabla sijafunga mdomo. Mchumba wangu aliruka kwenye dawati kama ndiye aliyepigwa.

"Jeki ni ya kupandishia," Katekista alisema, akinitazama kwa huruma kabisa. "Kuamini unaamini Mungu. Haya, tuendelee. Sakramenti ziko ngapi?"

Mtaani kwetu Makoko walimwogopa kuliko askari. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka, na viganja vikubwa visivyolingana na kimo chake. Mgeni akimwona anavuka barabara na Biblia kwapani angesema huyu baba ni mpole. Na upole alikuwa nao kweli, ila haukudumu. Alipiga kofi, alipiga ngumi, alipiga kwa mkanda wa feni uliochakaa ambao aliutundika nyuma ya mlango mahali ambapo wenzake hutundika kalenda. Alipiga waumini na wasio waumini. Siku moja nilimwona akimpiga teke la makalio mjumbe wetu wa mtaa. Mjumbe aligeuka amekunja ngumi, akaona ni nani, akaomba radhi yeye.

Karibu kila mara kosa lilikuwa lilelile: mtu kalala chini ya gari, na gari limeshikwa na jeki peke yake. Mtaani walisema lazima kuna ndugu yake aliyepondwa. Wengine walisema mdogo wake, chini ya lori la pamba. Wengine walisema mtoto. Mimi ni kinyozi, na kinyozi huuliza mambo ambayo wengine hawathubutu, kwa hiyo nilimuuliza akiwa kwenye kiti changu. Akasema hajafiwa na mtu yeyote chini ya gari.

"Sasa hasira yote hii ya nini?"

"Nina macho," akasema. "Nyinyi mnayo ya kuuzia sura."

Na yeye gari lake lilikuwa la chini kuliko la mtu yeyote Musoma. Aliyekuwa nalo mwanzo alilikata springi ili lilale kama ya vijana wa mjini, na Katekista akalinunua hivyohivyo, akalipeleka hivyohivyo kwenye vigango vya Butiama na Nyamuswa, tumbo likisugua mawe njia nzima. Ukisikia chuma kinakwaruza barabarani, unajua neno la Mungu limefika. Gereji hakwenda. Alisema mafundi wa gereji watamfia chini ya gari na yeye ndiye atakayewazika.

Kwa hiyo Jumamosi alituita uani kwake, wenye magari wa mtaa, atufundishe. Hatukuitwa kwa hiari. Gari la chini, alisema, jeki haipiti chini yake, ndiyo maana wapumbavu huchimba shimo kwenye mchanga au huinua kwa mti kama wanang'oa kisiki. Yeye alikuwa na mbao mbili ndefu, nene, za mashua ya zamani iliyovunjwa pale ufukweni. Analaza mbao mbele ya matairi ya mbele, anapanda juu yake taratibu, gari linanyanyuka kiasi cha jeki kupita. Anavuta hendibreki, anaweka gia, anasukuma kabari nyuma ya matairi ya nyuma. Chini ya jeki anatanguliza ubao mwingine mpana, kwa sababu mchanga wetu wa Makoko unameza. Anainua kwenye chuma kinene, kamwe si kwenye bati. Halafu magogo: mawili, ya mti mgumu, moja kila upande chini ya chasisi, na anashusha jeki mpaka gari likalie magogo. Mwisho anashika gari kwa mikono miwili na kulitikisa kwa nguvu zake zote, huku anatukana kwa Kizanaki. Likiwa la kuanguka, alisema, lianguke sasa, wewe ukiwa umesimama.

Aliyekosea kurudia hatua hizo alionja mkanda wa feni. Nilikuwa na mke, duka la kunyolea na kitambi kinachoanza, na nilikuwa nanyoosha kiganja mbele ya watu nichapwe.

Jumamosi moja jirani mmoja, mwalimu wa sekondari, alimbishia kuhusu matofali ya saruji. Akasema tofali linabeba nyumba, litashindwaje gari? Katekista aliingia ndani akatoka na tofali jipya, akaliweka chini ya gari lake mwenyewe, akashusha jeki mpaka uzito ukakaa. Likasimama. Mwalimu akaanza kutabasamu. Katekista akalipiga tofali teke moja kwa kisigino cha kiatu. Lilipasuka lote mara moja, gari likadondoka kwa kishindo, ubao uliokuwa chini ukachapa tumbo la injini na oili ikaanza kutiririka mchangani. Alikuwa amelivunja gari lake kwa makusudi ili ashinde ubishi. Akamshika mwalimu kisogoni, akamwinamisha mpaka pua yake ikakaribia vipande vya tofali.

"Mti unaliaga kabla haujavunjika," alisema. "Hii imekufa kimya. Umeona? Umeona, mwalimu?"

Mwalimu alisema ameona. Gari lile lilikaa bila kutembea wiki kadhaa, na Katekista alikwenda vigangoni kwa bodaboda, ameridhika.

Kule mjini Bunda alipigana vibaya zaidi. Tulikuwa tumeongozana kununua kitambaa cha kiti changu, na kando ya barabara ya Mwanza alimwona fundi kalala chini ya basi dogo lililokuwa juu ya jeki na jiwe. Sikuwahi kumshika. Alishamkamata yule mtu vifundo vya miguu, akamburuza mpaka kwenye lami. Fundi alikuwa kijana wa miraba minne na hakuwa muumini wake. Aliinuka na spana mkononi, akampiga nayo usoni. Damu ilimwagika mpaka kwenye kola iliyofungwa, na Katekista, badala ya kurudi nyuma, akamrukia kijana shingoni, wakagaragara kati ya mafungu ya nyanya za watu, akina mama wanapiga mayowe, mimi namvuta mmoja sijui yupi. Walipotenganishwa alikuwa amepasuka juu ya jicho na kijana hana jino. Jumapili Katekista alisimama mimbarini na plasta usoni akahubiri juu ya kugeuza shavu la pili. Hakuna aliyecheka. Nilijaribu kutocheka nikaumwa tumbo.

Huyuhuyu aliogopa ng'ombe. Mtoto wa Butiama, kwao zizi limejaa, lakini akiona fahali barabarani alipita porini akijifanya anatafuta kitu. Kwenye harusi alilia kuliko mama wa bibi arusi. Na alikuwa na desturi moja ambayo mtaa mzima uliijua. Akimpiga mtu, halafu akagundua kuwa amempiga kwa kosa, asubuhi alikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akanunua sato mkubwa, akampelekea nyumbani. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Alimkabidhi mtu samaki, akasema "Mungu awabariki," akaondoka. Tukimwona anapita na samaki, tuliulizana nani kapigwa bure. Na kama amekupiga kwa haki, hata ukilazwa, hukuona hata dagaa.

Mimi alinipiga mara ya pili kwa haki. Sikatai. Nilikuwa nimeinua gari langu kwa mawe, yale mawe yetu ya Musoma ambayo mtu akiyatazama anadhani yatabeba dunia, na nilimwambia mke wangu asiseme. Katekista aliyaona akipita. Alinitoa chini ya gari, akanizaba makofi mpaka masikio yakavuma, kisha kesho yake akaniletea magogo mawili aliyoyakata mwenyewe. Akayaweka ukutani kwangu akasema, "Haya ndiyo maisha yako. Yakae hapo." Tangu siku ile nikawa na sifa mtaani: Kinyozi ni mtu wa njia za mkato.

Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kunimaliza.

Ilikuwa mchana wa upepo, ziwa limechafuka, mchanga unaruka mpaka mdomoni. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Niliamua kubadilisha oili, na nilifanya kila kitu kama tulivyofundishwa: mbao, hendibreki, gia, kabari, ubao chini ya jeki. Nikayachukua magogo ukutani, nikayaweka, moja kila upande. Nikashusha jeki mpaka gari likayakalia, jeki nikaiacha palepale mbele kama msaada. Nikalitikisa. Hata nilitukana, kwa Kijita, ili nisimwibie Katekista. Halafu, kwa sababu ya ule mchanga, nikatundika magunia ubavuni mwa gari, pande zote mbili, nikaingia chini.

Mtu aliyesimama getini aliona magunia, aliona jeki mbele, na aliona miguu yangu. Magogo hakuyaona.

Nilikuwa nimepitisha mkono wa kulia juu ya chuma cha mbele ili niifikie filta. Nikasikia, "Toka! Toka huko!" na vifundo vyangu vikakamatwa.

"Katekista, kuna magogo!" nikapiga kelele. "Magogo yapo! Mkono! Mkono wangu!"

Akavuta. Alikuwa na nguvu ya watu wawili akiwa na hasira. Mwili ulikwenda, mkono ukabaki juu ya chuma, na mfupa ukakatika kama ubua wa mtama. Niliusikia kabla ya kuuhisi. Akavuta tena. Nilitokea juani nimelala chali, oili usoni, mkono umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi, nalia kama mtoto.

Nilimwona akiinama na kufunua gunia. Kisha akazunguka upande wa pili, akafunua la pili. Nilimwona, nasema. Uso wake ulibadilika rangi.

Watu walikuwa wameanza kujaa. Mke wangu alikuja mbio, povu la sabuni mikononi, akaanguka magotini akashika kichwa changu. Mjumbe akauliza kumetokea nini. Katekista akafuta mikono kwenye suruali.

"Alikuwa anakufa huyu," akasema. "Alikuwa na jeki peke yake. Nimemvuta. Magogo nimeyakuta ukutani, nimeyasukuma mimi, nikashusha jeki. Mnaona gari imekaa?"

"Mwongo!" nikasema. "Niliyaweka mimi!"

Watu walitazamana. Nani angeniamini? Mtu wa mawe. Mke wangu akainua uso wake uliolowa machozi, akamwambia yule aliyenivunja, "Asante, Katekista. Mungu akuzidishie siku."

Nimewahi kuumwa meno, nimewahi kuzika mzazi. Maneno yale yaliniuma kuliko mfupa.

Mkono uliunga umepinda, kwa sababu sikutulia; nilikuwa nautingisha kwa hasira kila nilipomkumbuka. Kila aliyekuja kunipa pole alianza kwa kunipa hongera ya kuokoka. Nikimwelezea mke wangu habari za magunia, alinisikiliza mpaka katikati, halafu aligeuka ukutani.

"Baba Magesa, acha," alisema. "Ungekuwa umeonewa angeletaga samaki. Ameleta?"

Hakuleta. Hilo ndilo lililonifunga mdomo mtaani. Katekista akikosea huleta samaki, kila mtu anajua. Kwa Kinyozi hakuleta. Basi Kinyozi anadanganya.

Baba mkwe wangu, mfugaji wa Nyamuswa, aliposikia aliagiza twende kwake sote, na Katekista pia. Tulikuta mbuzi amechinjwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti, na baba mkwe akasimama akamshukuru Katekista kwa kumwachia binti yake mume na wajukuu wake baba. Akanitazama mimi nishukuru. Katekista alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea rozari. Nikasema, "Huyu mtu alinivunja mkono, kisha akanifanya mwongo. Nyama yake sili." Nikaipiga sinia teke. Nyama ikamwagika mavumbini, mbwa wakaikimbilia, na baba mkwe, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, akanitandika fimbo ya kuchungia mgongoni, ya kwanza, ya pili, wazee wakijaribu kumshika. Mke wangu alisimama pembeni amefunika uso kwa kanga. Aliyekuja kuizuia fimbo ile mwishoni alikuwa Katekista mwenyewe. Aliidaka kwa kiganja.

"Mwacheni," akasema. "Mgonjwa huyu."

Nilitamani kumtemea mate na nilitamani aseme. Neno moja tu. Alirudi kwenye rozari yake.

Nilijifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto. Wateja walinivumilia, wengine walitoka na ngazi kichwani kama shamba la mlimani, lakini walirudi, kwa sababu walipenda kusimuliana kisa changu mbele yangu. Kila mgeni alihadithiwa. "Huyu unayemwona angekuwa marehemu." Nilikuwa nashika mashine na kuendelea kunyoa.

Na Katekista naye alirudi. Hilo ndilo sikulitegemea. Kabla mkono haujapona sawasawa alikuja, akakaa kwenye kiti, akafungua vile vifungo vya kooni ambavyo hakuvifungulia mtu, akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho. Alitaka kunyolewa ndevu. Kwa wembe. Tukawa wawili tu dukani.

Niliuweka wembe chini ya taya. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado mgeni wa kazi ile.

"Sema magogo yalikuwepo," nikamwambia.

"Nyoa, Kinyozi."

"Nitakukata."

"Ukinikata watasema ulikuwa mwongo, sasa umekuwa na muuaji. Nyoa."

Nilimkata. Kidogo, chini ya sikio, lakini nilikusudia. Damu ilishuka ikaingia kwenye kola. Hakushtuka. Alisubiri nimalize, akajifuta kwa leso, akashukuru, akaenda. Jumamosi iliyofuata alirudi, akafungua kola, akaegemeza kichwa. Na iliyofuata. Ikawa hivyo kwa miaka. Nilimchukia, nasema wazi, na ikifika Jumamosi akachelewa nilichungulia barabarani.

Mwishowe mkono wake mwenyewe ulimfukuzisha. Alimpiga bwana harusi siku ya harusi yake, nje ya kanisa, kwa sababu gari la maharusi lilipata pancha na bwana harusi alichungulia chini yake likiwa juu ya jeki, na suti yake nyeupe. Pua ilivuja damu kwenye shela la mke. Familia ile haikuwa ya watu wanyonge. Paroko alimwambia sasa apumzike. Akafungasha mbao zake, magogo yake na mkanda wa feni, akarudi kwao Butiama, na Makoko ikawa na utulivu ambao watu waliulalamikia.

Tulisikia baadaye kwamba amepooza upande mmoja. Mke wangu hakulala raha. Muda wote Katekista aliokuwa Makoko, sikukuu haikupita bila mke wangu kumpelekea chakula mtu aliyemwokolea mume. Akasema twende tukamwone, tumpelekee sukari na mkate, nami nibebe vifaa vyangu nimnyoe, maana mgonjwa asiyenyolewa anasikitisha. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kubisha. Tukaenda na gari lilelile, nikiviringisha usukani kwa mkono mmoja na robo.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya ukuta wa nyumba, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake. Alikuwa amekonda. Kola ilikuwa imefungwa lakini shingo ilikuwa inacheza ndani yake. Binti yake alitukaribisha, akaingia jikoni kuchemsha maji. Mke wangu akapiga goti, akasema shikamoo, akamuuliza hali, akaenda kumsaidia binti.

Nilimpaka povu. Nikaanza shavu la kulia. Nilikuwa nimefika karibu na sikio, pale penye kovu nililomwachia, aliposema, kwa sauti iliyokuwa inatokea upande mmoja wa mdomo, "Magogo yalikuwepo."

Wembe ulisimama.

"Nilikusikia ukisema yapo," akasema. "Nikadhani ni uongo wako wa siku zote. Nikavuta. Nikasikia mfupa, nikavuta tena. Ndipo nikafunua gunia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Watu walishafika. Niliwachapa wote kwa ajili ya magogo. Halafu nimvunje mkono yule aliyeyaweka?"

"Hata samaki hukuleta."

"Ningeleta samaki wangejua."

Nikamuuliza kwa nini sasa.

"Padri alikuja akanipaka mafuta. Nilimwambia yote niliyofanya, yote. Hili sikumwambia. Hili si la padri, Kinyozi. Ni la kwako."

Nilishajiuliza ningefanya nini siku hii ikifika. Nilikuwa nimepanga maneno, nilikuwa nimepanga na ngumi. Nilichofanya ni kumwita mke wangu. Alitoka na beseni la maji ya moto.

"Rudia," nikamwambia Katekista. "Mbele yake."

Alimtazama mke wangu kwa jicho lililokuwa bado linafunguka vizuri. "Mama Magesa, magogo yalikuwepo. Mumeo aliyaweka yeye, aliyaweka vizuri. Mimi nilimvunja bure, nikawadanganya."

Mke wangu aliweka beseni chini polepole, bila kumwaga tone. Alipoinuka nilijua. Nilimdaka kiunoni kwa mikono yote miwili, na yeye ni mwanamke aliyebeba ndoo za ziwani tangu utotoni, akanikokota nikiwa nimemng'ang'ania.

"Niachie! Baba Magesa, niachie! Nimemlisha huyu! Nimemwombea! Nimekuita mwongo kitandani kwangu, nimesimama nikakuangalia unapigwa fimbo na baba yangu! Niachie!"

Binti alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na mwiko. Katekista alikaa palepale, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu.

"Mwachie, Kinyozi," akasema.

Nikamwachia.

Lilikuwa kofi moja, la mkono wa kulia, kwenye shavu lenye povu. Povu liliruka mpaka ukutani. Kichwa chake kiligeuka, kikakaa huko, kisha kikarudi taratibu.

"Rudia," Katekista akamwambia. "Una mkono mwepesi."

Hakurudia. Alisimama anahema, kiganja kimejaa povu, akakitazama kana kwamba hajui kilikotoka. Baada ya muda mke wangu alijifuta kwenye kanga, akaniambia nimalize shavu la pili, hatuwezi kumwacha mtu hivi. Nikamaliza. Sikumkata. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyemfunga vifungo vya kola, mpaka cha juu, na hakumuaga.

Nikaliwasha gari. Tumbo lilikwaruza mawe ya pale getini kwao, likaingia njiani. Sikutaka kusema chochote. Nilikuwa nimesema kwa miaka. Tulikuwa hatujaifikia lami mke wangu aliposhika mkono wangu pale ulipopinda, mahali ambapo hakuwahi kupagusa.

"Nisimulie siku ile," akasema. "Anzia mwanzo. Sitakukatiza."